Ziada ya Mia Tano

Usiku wa tatu wa matanga, Baba, sijalala.
Sudayi, mtoto wa shangazi, amenikabidhi daftari la rambirambi,
kurasa kumi na moja, mwandiko wa watu wanne,
na mfuko wa fedha uliofungwa kwa ukamba wa katani.
Nimejumlisha mara mbili. Nimejumlisha tena.
Fedha imelizidi daftari kwa shilingi mia tano.

Wamesema, "Mia tano tu, kalale."
Hawakukujua.

Wewe uliyerudi kwa miguu toka Kizota hadi Majengo,
jua la saa nane likikuchoma kisogo,
kumrudishia muuza karanga shilingi hamsini
aliyokuzidishia. Alicheka.
Wewe hukucheka:
"Ziada ni kosa, mama, sawasawa na pungufu."

Ofisi yako Barabara ya Tisa, juu ya duka la vipuri:
meza moja, feni yenye kikohozi,
kalenda ya kiwanda cha alizeti
ya mwaka ambao kiwanda kilikwisha kufungwa.
Wenye mashine za kukamua walikuja na risiti kwenye kofia,
kwenye soksi, mmoja ndani ya Biblia, kati ya Ayubu na Zaburi,
nawe ukawatandazia maisha yao mezani, safu kwa safu,
mpaka wakamwona anayewaibia.
Mara nyingine alikuwa mwenye mashine mwenyewe.
Hapo ulifunika kalamu, ukaagiza chai.

Msimu wa mavuno ulihamia Kibaigwa.
Nilikuwa na miaka tisa uliponionyesha lumbesa:
gunia lililoshonewa kilemba, limeota nundu
kama fahali wa babu.
"Hesabu," ulisema. "Gunia moja, sivyo?
Sasa kamuulize aliyelima kama ni moja."
Madalali walikuita Bwana Mizani, wala si kwa sifa.
Walikutobolea matairi ya pikipiki, mara mbili.
Ukanunua mengine, ukaandika: matumizi ya kawaida.

Na nyumbani nako, hesabu.
Siku nilipovunja chupa ya chai
nikaja mwenyewe kusema, magoti yakigongana,
hukunipiga, hukunikumbatia.
Ulifungua kitabu cha stakabadhi, ukaandika, ukachana:
*Imepokelewa kutoka kwa Mbeleje. Ukweli, mmoja.*
Ukagonga na muhuri.
Nilikuchukia siku hiyo kwa kunifanyia mzaha.
Karatasi ninayo. Wino umefifia, muhuri bado.

Juzi tulikuzika Mvumi.
Upepo ulikuwa ule wetu, wa kuingiza mchanga kwenye meno.
Mchungaji alisoma wasifu wako: ulizaliwa, ulisoma,
ulihitimu, uliajiriwa, uliacha, ulijiajiri.
Yote kweli, na wewe humo hukuwemo.
Kisha vijana wakarudisha udongo, wakarundika,
wakapiga kwa migongo ya majembe, wakarundika tena,
mpaka kaburi likapanda, likaota nundu,
nami nusura nipaze sauti: jamani, lumbesa!
Nikaziba mdomo kwa kanga.
Mama mdogo akanishika bega, akidhani nalia.
Nilikuwa nacheka.
Halafu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa begani, nikalia.

Sasa jogoo wa jirani ameanza, na mia tano ipo.
Nimeiona: sarafu moja, chini kabisa ya mfuko,
ina utelezi, inanuka mafuta ya alizeti.
Kuna mtu aliingia, akaitumbukiza,
akatoka kabla hajaulizwa jina.
Ningeweza kuitoa, vitabu vikalingana.
Ningeweza kuandika "msamaria", jambo ambalo ungelikata kwa wino mwekundu:
"Huyo ni nani? Anakaa wapi?"

Nimeandika tarehe. Nimeandika kiasi.
Mahali pa jina nimepaacha peupe.
Haijakaa sawa, Baba, najua.
Usiamke.